Ubeti Alioukataa Linet

Naanza kwa jina la Mola, Mpaji wa ndimi na Mwenye kuzinyamazisha, ambaye siku ya kusimama mbele yake hapatakuwa na mkalimani. Nikiisha kumtakia Mtume wake rehema na amani, naomba nisamehewe nitakachokisahau katika haya, na nipewe nguvu ya kutokificha nitakachokikumbuka.

Watu wa kisa hiki ni wachache, nami nitawataja kwa mpango ili msomaji asisumbuke. Wa kwanza ni Nicholas Werema, Mkuria wa upande wa mpakani, mkalimani wa mahakama ya Migori. Mkewe ni Bhoke, na binti yao wa pekee ni Liz. Wa pili ni Walter Ogutu wa Mbita, mpiga gitaa, mwenye kikundi cha michezo ya kuimba kilichokuwa na makao yake mjini Homa Bay. Wa tatu ni Linet Akoth, mwimbaji mkuu wa kikundi hicho. Yupo pia Mama Rispa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye bila yeye Werema na Walter wasingefanya kazi pamoja hata mwezi mmoja. Wa mwisho ni mimi, niliyekuwa nikisomesha watoto katika chuo kilicho kando ya msikiti wa Suna, hapo hapo Migori, na niliyemfundisha Werema mizani na vina. Nimejiweka mwisho kwa ajili ya adabu. Katika lawama, mahali pangu ni mbele.

Werema alinijia mwaka wa 1991, siku moja baada ya Maulidi. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka, nami nilikuwa nakunja mikeka. Mtu mwembamba, mwenye koti la kijivu lililoisha viwiko, alisimama kizingitini akiwa ameshika viatu vyake mkononi, ingawa hakuna aliyemwambia avue.

"Maalim," akasema, "jana nilisimama barabarani nikikusikiliza katika kipaza sauti. Nilihesabu. Kila kipande kina sauti nane. Nilihesabu hadi mwisho, hukukosea hata mara moja."

"Ulihesabu au ulisikiliza?"

"Nilihesabu kwanza. Kusikiliza kukaja baadaye."

Nikacheka, nikamkunjulia mkeka mmoja. Hivyo ndivyo alivyoanza kuja kila Jumanne na Alhamisi baada ya swala ya alasiri, akitoka mahakamani na karatasi mfukoni. Hakuwa Mwislamu, wala sikumshawishi awe. Alikuwa Mkristo aliyeichukua dini yake kwa staha, nami niliiheshimu staha hiyo. Nilimfundisha kama marehemu baba alivyonifundisha mimi: kwanza sikio, kisha kalamu. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mwingine. Kazi yake ilikuwa imelinoa. Mwizi wa ng'ombe akisema kwa Kikuria, "Mimi sikuwepo," Werema humgeukia hakimu na kusema kwa Kiswahili, "Mimi sikuwepo." Mjane akilia kwa Kijaluo, "Mimi nimebaki na nini?" Werema husema, "Mimi nimebaki na nini?" Na wakati wa kuandika faili, huandikwa jina la hakimu, la mshtaki, la mshtakiwa na la kila shahidi. Yeye huandikwa "mkalimani", basi.

"Kutwa nzima nasema mimi, mimi," aliniambia siku moja. "Na hakuna mara hata moja ambapo huyo mimi ni mimi."

Ndipo nilipomfundisha desturi ya tamati. Nilimwambia kwamba mtunzi wa kweli, akifika ubeti wa mwisho, hutaja jina lake, ili maneno yasizagae kama mtoto asiyejulikana baba. Nikamwambia, tena kwa ukali wa mwalimu, kwamba mahali pa jina ni hapo, ubeti wa mwisho, na si pengine. Aliyaandika maneno hayo katika daftari lake na kuyapigia mstari mara mbili. Nililiona daftari hilo tena miaka minane baadaye, na mistari hiyo miwili ilikuwa ingali hapo.

Walter Ogutu alimpata kwa njia ya kesi. Aliletwa mahakamani kama shahidi katika ugomvi wa mashua, akasimama kizimbani na kusimulia kwa Kijaluo jinsi mambo yalivyokuwa, na Werema akayageuza kuwa Kiswahili papo hapo. Kesi ilipoahirishwa, Walter alimfuata nje akamshika bega.

"Omera, ndugu yangu, nimesema vibaya, wewe umesema vizuri. Hakimu alikuwa analia! Hiyo maneno umetoa wapi?"

"Kinywani mwako."

"Wapi! Kinywa yangu naijua. Mimi niko na nyimbo hazina maneno. Kuja tuongee."

Walter alikuwa mtu mnene wa kucheka, mwenye kutunga sauti kama watu wengine wanavyopumua, lakini maneno yalimshinda. Basi wakapanga kazi yao hivi. Walter angetunga sauti kwa gitaa huko Homa Bay, akaiimba pasipo maneno, na-na-na, katika kaseti. Kaseti hiyo ingefungwa katika karatasi, ikakabidhiwa Mama Rispa, ambaye kila Jumatano alileta magunia ya omena katika soko la Suna. Werema angeichukua sokoni, akaisikiliza nyumbani, akahesabu kwa vidole kila na-na-na, kisha akaijaza maneno. Jumatano ifuatayo karatasi ya maneno ingerudi ziwani kwa njia ile ile. Alikuwa akiniletea kaseti hizo nizione, maana hakuruhusiwa kuzicheza chuoni, na zote zilinuka samaki.

"Hii ni ya mapenzi," angesema, akiinusa kwa mzaha. "Na hii, wallahi, ni ya msiba."

"Usiape kwa kiapo kisicho chako," ningemwambia, naye angecheka.

Walitoa michezo miwili kwa njia hiyo. Wa kwanza uliitwa Baiskeli ya Chifu, wa kuchekesha. Wa pili, Harusi ya Mpakani, ulichezwa mwaka wa 1995 kutoka Mbita hadi Migori, katika kumbi za makanisa na za baraza, na nyimbo zake zikashuka mitaani. Lakini karatasi iliyogawiwa watu mlangoni ilisema: Mchezo na nyimbo, Walter Ogutu. Sidhani Walter alikusudia wizi. Alipoulizwa, alishangaa kwa moyo mweupe. "Watu wanajua mwenye gitaa," alisema. "Ukiandika mwenye maneno, watauliza, kwani maneno ina mwenyewe?"

Siku moja nilikuwa sokoni nikinunua vitunguu. Werema alikuwa amesimama penye meza ya Mama Rispa akingojea kaseti, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipimiwa omena akawa anaimba wimbo wa bibi harusi, wote, ubeti kwa ubeti, bila kukosea.

"Huo wimbo wa Walter utanitia wazimu," mwanamke akasema. "Hautoki kichwani."

Mama Rispa akaacha kopo la kupimia hewani. "Wa Walter? Si huyu hapa ndiye ameandika!"

Mwanamke akamtazama Werema kutoka viatu hadi koti. "Huyu wa kotini? Mama Rispa, wacha mchezo. Huyu alisomea ndugu yangu miezi sita ya jela."

Watu walicheka. Werema pia alicheka, akachukua kaseti yake, akaniaga kwa kichwa. Lakini Alhamisi alipokuja chuoni hakufungua daftari. Alikaa akitazama mikono yake.

"Maalim, sitaki karatasi ya mlangoni. Karatasi hufungiwa njugu. Nataka jina langu liimbwe. Mara moja tu. Niwe nimekaa nyuma ya ukumbi, kiti cha mwisho, na nilisikie likitoka jukwaani kwa kinywa cha mtu mwingine. Nimewasemea watu maisha yangu yote. Nami nisemewe mara moja."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakuwahi kuniomba kingine.

Mchezo wa tatu uliitwa Kurudi Lambwe. Ulihusu wale waliolikimbia bonde la Lambwe zamani kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na mama mmoja aliyefia ugenini akiwa ameusia azikwe alikozaliwa. Binti yake anamrudisha kwa miguu, na mchezo wote ni safari hiyo, hadi kaburini. Werema aliuandika kwa miezi kumi. Alinisomea sehemu ya kuondoka, nami, niliyezoea kusahihisha, sikupata cha kusahihisha:

Mama fungua mlango, Lambwe kumekucha tena,
Tuliacha nusu ungo, na moshi ukiagana.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kilio, binti akiwa juu ya kaburi, na watu wote wa kikundi wakimwitikia. Na mwisho wa wimbo huo, kwa kuwa ndio ulikuwa mwisho wa mchezo, Werema aliweka ubeti wa tamati wenye jina lake. Hakunionyesha. "Utausikia kwa watu," alisema, akijua vyema kwamba mimi sikanyagi kumbi za ngoma.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa 1997, aliporudi kutoka mazoezini Homa Bay na kunieleza yaliyotokea. Alinieleza kama alivyozoea, akisema kila mtu kwa sauti yake, kana kwamba niko mahakamani nami ndiye hakimu.

Linet Akoth alikuwa ameimba wimbo wote akiwa amepiga magoti penye kaburi la mbao walilolitengeneza, na mafundi waliokuwa wakipigilia misumari wakaacha nyundo. Alipofika ubeti wa tamati akasimama, akaisoma karatasi tena, akaikunja.

"Hii siimbi."

"Sauti iko juu sana?" Walter akauliza. "Nishushe?"

"Sauti iko sawa. Ni jina. Huyu mtu si amekaa pale na chai? Wewe Walter ni mtoto wa Mbita, unajua. Kwetu mtu hatajwi ndani ya kilio kama yuko hai. Ni kumwita. Siwezi kumwita mtu mzima kaburini, hata kama kaburi ni ya mbao."

"Linet, ni mchezo!"

"Ooyo. Machozi nalia ni ya kweli. Mdomo nitafungua ni wa kweli. Mchezo iko wapi hapo?"

Werema akainuka, akasema si kumwita mtu, ni muhuri tu, ni desturi ya washairi wa Kiswahili tangu zamani. Linet akamsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia maneno haya: "Kaka, mimi nakupenda ndiyo nakataa." Wengine wa kikundi wakawa upande wake. Na Walter, aliyekuwa na wiki mbili tu kabla ya kufungua mchezo, akachukua kalamu na kuukata ubeti ule.

Werema alipomaliza kuwasemea wote hao, akarudi kuwa yeye mwenyewe.

"Maalim, twende nawe Jumamosi. Wewe una kanzu, una ndevu, una kitabu. Ukiwaeleza kwamba ni desturi ya elimu, watakubali. Linet amesema mwenyewe: aje mwenye hiyo desturi, nimsikie."

Nilimjibu kwamba katika umri wangu wote sijaingia mahali pa ngoma na wanawake wanaocheza, na sitaanza kwa sababu ya mistari minne.

"Basi niruhusu niuhamishe. Niuweke mwanzo wa mchezo, kabla mtu yeyote hajafa. Mwanzoni hatakataa."

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilijua, kama ninavyojua njia ya kwenda msikitini, kwamba wako watunzi waliotaja majina yao mwanzoni, na kwamba hakuna aliyewalaumu. Baba yangu mwenyewe alifanya hivyo katika utenzi mmoja. Lakini nilikuwa nimemwona mwanafunzi wangu akichukua nilichompa na kukipeleka kwenye magitaa na kaseti zenye harufu ya samaki, nami nilitaka kitu kimoja tu kibaki kama nilivyokitoa. Nikamwambia, "Mahali pake ni mwisho. Ukiuhamisha, usiseme nilikufundisha mimi."

Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa. "Sawa, Maalim."

Kurudi Lambwe ulifunguliwa bila ubeti ule. Nilisikia kwa Mama Rispa kwamba watu walilia hadi wauza soda nje wakaingia kuona kuna nini. Werema alikuwa amekaa kiti cha mwisho. Mchezo ulipokwisha, watu walisimama na kumwita Walter, Walter, naye Werema akapiga makofi pamoja nao.

Aliendelea kuja chuoni, lakini hakuandika tena. Mwaka uliofuata kikohozi kilichoanza wakati wa mvua hakikuondoka. Mahakamani alianza kusimama katikati ya ushahidi ili avute pumzi, na hakimu akangoja, kisha akachoka kungoja. Daktari alisema ni kifua kikuu, akampa dawa za miezi mingi. Alizimeza zote kwa nidhamu ya mtu aliyezoea kufuata maneno ya wengine neno kwa neno. Hazikumrudisha. Kufikia mwanzo wa 1999 alikuwa halali tena ubavu wa kushoto, na koti la kijivu lilikuwa likimwangukia mabegani.

Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Suna asubuhi moja. Bhoke alinipokea uani, akiwa anafua mashuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo hakuniwekea kiti.

"Karibu, Maalim. Amelala. Ngoja kidogo." Akakamua shuka hadi maji yakaisha. "Nataka kukuuliza kitu, na usikasirike. Anaota akihesabu. Vidole vinakwenda hivi, nane, nane. Halafu anataja jina lake, ananyamaza kama mtu anayesikiliza. Nani alimwambia jina ni lazima liimbwe?"

"Ni mimi."

"Ulimfundisha kulitaka," Bhoke akasema. "Hukumfundisha atalipata wapi."

Sikuingia ndani siku ile. Nilikwenda moja kwa moja stendi, nikapanda basi la Homa Bay, na njia yote mpaka tulipoliona ziwa sikuwa na neno ulimini ila kuomba msamaha.

Ukumbi ulikuwa karibu na soko la samaki. Nilivua viatu mlangoni kwa mazoea, na vijana waliokuwa wakifunga ngoma wakatazamana. Walter aliacha gitaa akaja mbio.

"Maalim! Kuna nini? Werema ame...?"

"Yu hai. Nimekuja kuonana na binti anayeimba."

Linet alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, amejifunga leso kiunoni, mwenye macho ya mtu asiyependa kuzungushwa. Alinipa benchi, akakaa chini mbele yangu kwa adabu ya watu wake.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "nimekusikia miaka mingi. Umekuja kuniambia mimi ni mjinga?"

"Nimekuja kukwambia mimi ndiye mjinga. Ulisema aje mwenye desturi. Ndiye mimi. Jina la mtunzi si lazima liwe mwisho. Laweza kuwa mwanzo, kabla ya kilio, kabla ya maiti, pazia likifunguliwa tu. Nilijua tangu siku ile. Sikusema."

Walter alitazama chini.

"Mwanzoni?" Linet akasema polepole. "Mwanzoni ni kama kupiga hodi. Mtu akipiga hodi anataja jina. Hiyo naimba. Hiyo naimba hata leo." Kisha akanikazia macho. "Na kwa nini umekuja sasa? Si ilikuwa mwaka juzi?"

Hakungoja jibu. Aliinuka akamwambia Walter, "Jumamosi tunapeleka Lambwe huko Suna, kwa ukumbi wa karibu na kwake. Wambebe na kiti, wambebe na kitanda, sijui. Asikie."

Nilirudi Migori jioni ile nikiwa mwepesi kama kijana aliyepasi mtihani. Asubuhi nilimkuta Werema ameegemezwa kwa mito, Liz akimshikia kikombe. Nilimweleza yote: ukumbi, benchi, hodi, Jumamosi. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na mwishoni akatabasamu.

"Uliingia ukumbini, Maalim?"

"Niliingia."

"Kulikuwa na ngoma?"

"Zilikuwa zimefungwa nusu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Liz akamfuta mdomo. Alipotulia alizungumza kwa vipande vifupi, kama mtu anayetafsiri.

"Nakushukuru. Lakini usiuhamishe. Daftari langu lina mistari miwili chini ya neno lako. Mahali pake ni mwisho. Nimekaa nalo hapo nimezoea."

"Nilikosea, Werema. Nimekuja kukwambia nilikosea."

"Najua. Nilijua hata siku ile. Nilitafuta vitabu, nikaona watu wanataja mwanzoni." Alifungua macho. "Lakini ulikuwa umenipa kitu kimoja, ukanikataza kukigusa. Hakuna aliyewahi kunipa kitu cha namna hiyo. Sasa acha tu. Muda si mrefu Linet hatakuwa na sababu ya kukataa."

"Hutausikia!"

"Wewe utausikia. Uje tu. Usisimame barabarani."

Nilimsihi. Nilimsihi kwa dini yake na kwa yangu, nikamsihi kwa ajili ya mtoto. Alinipigapiga mkono kama vile mimi ndiye mgonjwa. Alifariki Ijumaa, wakati nikiwa msikitini, siku moja kabla ya mchezo, na mchezo haukuchezwa.

Walimzika nyumbani kwao upande wa mpakani, katika shamba la mahindi lililovunwa. Walikuja watu wa mahakama, hakimu mwenyewe akiwa na kofia mkononi, na watu ambao aliwahi kuwasemea, wengine waliokuwa wamekwisha kutumikia vifungo vyao. Mama Rispa alikuja na shada la maua la kujifungia mwenyewe kwa kamba ya gunia. Kikundi chote cha Homa Bay kilikuja, na Walter hakuwa na gitaa. Mimi nilisimama mahali palipo karibu na kaburi, wala si barabarani.

Mchungaji alipokwisha, Linet alikwenda ukingoni. Hakupiga magoti kama katika mchezo. Alitoa karatasi iliyokunjwa kifuani mwake, ile ile, yenye mkato wa kalamu ya Walter juu ya mistari, na akaimba wimbo wa kilio wote hadi mwisho. Kisha akaimba hivi:

Ulimi wa mahakama, ndio niliogaiwa,
Vya wengine nikasema, vyangu vikanyamaziwa,
Leo ninayo kalima, moja nisiyozuiwa,
Mtunzi ndiye Werema, naomba kutambuliwa.

Alipofika kwenye jina, alilirudia. Hiyo haikuwamo katika karatasi. Ni desturi ya kilio chao, kwamba aliyefariki huitwa kwa jina ili wote wamsikie. "Werema," akaita, na watu wa ziwa wakaitikia, "Werema." Akaita mara ya pili, na Wakuria waliokuwa hawajui wimbo wakaitikia. Mara ya tatu, hakimu pia alifungua kinywa. Niliisikia sauti yangu ndani ya sauti hizo, nami sijaimba hadharani tangu utoto isipokuwa sifa za Mtume.

Nilihesabu. Sikuweza kujizuia. Mistari minne, nane kwa nane, hapana hata mmoja uliopungua. Lilikuwa shairi timamu, nami ndiye niliyelichelewesha hadi likamkosa mwenyewe.

Bhoke alikuwa ng'ambo ya pili ya kaburi, amemshika Liz bega. Hakulia wakati wa wimbo. Alilia ulipokwisha, watu walipoanza kuondoka na kunong'onezana, wakiulizana kama kweli ni yeye aliyeandika ule wa bibi harusi, na ule wa mlango wa Lambwe. Yule mwanamke wa sokoni alikuwapo. Nilimsikia akimwambia Mama Rispa, "Si ungeniambia vizuri." Na Mama Rispa, aliyekuwa amechoka, akamjibu, "Nilikuambia."

Kabla sijaondoka, Liz aliniletea daftari. "Baba alisema nikupe." Nilifungua ukurasa ule wenye mistari miwili. Chini yake hakuwa ameandika neno.

Habari zake aliyekwenda ziko kwa Muumba wake, ambaye hahitaji mtu wa kumfasiria kilichomo moyoni mwa mja, nami sina la kuongeza wala la kupunguza. Ninaloweza kuomba ni kwa waliobaki. Ee Mola, mpe Bhoke subira isiyomkausha, na riziki isiyomdhalilisha. Mlinde Liz, umpe ulimi wa kusema yake mwenyewe mapema, kabla hajachoka. Mwekee Linet sauti yake, kwa kuwa alikataa kwa upendo na akaimba kwa uaminifu. Mlainishie Walter moyo, ili kila atakapopiga nyimbo zile ataje nani aliyezipa maneno. Mbariki Mama Rispa katika njia yake ya kila Jumatano. Na kila mwalimu aliyepewa sikio la mtu mwingine alishike, mfundishe kusema anachokijua wakati kingali na faida. Amin.